Vuta, Usizungushe: Miaka Yangu na Bunduki za Uswisi

Achieng, uliniomba niandike kwa Kiingereza ili wote pale karakana wasome. Nimekataa. Nimekasirika kwa Kiingereza tangu siku niliyoingia kazini mpaka siku niliyotoka, na sasa nimestaafu, niacheni nikasirike kwa lugha yangu. Wewe umezaliwa hapa hapa Etobicoke, Kiswahili unakisikia vizuri ila kujibu unajibu kwa Kiingereza, sawasawa na mwanangu Wekesa. Soma polepole. Ukikwama, muulize mama yako. Kisha watafsirie wenzako, na usipunguze makali.

Sitaandika habari za mshahara wala za vyeo. Karakana yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na Mzee Ruedi, halafu sisi wengine.

Nilifika Toronto nikiwa fundi wa kukereza vyuma. Kule nyumbani magharibi mwa Kenya nilikuwa nimefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, nikichonga vipuri vya mashine ambazo waliozitengeneza walishakufa zamani. Hapa hakuna aliyetaka kusikia habari hizo. Tulikaa St. James Town, ghorofa ya juu, lifti ikifanya kazi siku iliyojisikia, na mimi nikasafisha ofisi za watu mpaka nikaanza kusahau harufu ya chuma kilichokatwa. Ndipo nikaona tangazo: anatakiwa mtu wa kukereza, mwenye subira, wa kutengeneza vifaa vya kale. Vifaa vya kale nilidhani ni saa. Au cherehani. Nilivaa kitambaa changu kizuri cha kichwani nikapanda basi kwenda kukutana na cherehani.

Mzee Ruedi alikuwa Mswisi wa upande wa Bern, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Alichukua bunduki ndefu ukutani, akanilazia mezani, akaniambia niifungue. Nikashtuka, lakini nilikuwa nimetoka mbali na nauli nimeshalipa. Nikashika kile chuma cha pembeni kinachofunga risasi ndani, ambacho mimi nakiita komeo, nikakizungusha kwenda juu, kama nilivyowaona askari wa nyumbani wakifanya. Hakikuzunguka. Nikaongeza nguvu. Yeye alisimama amekunja mikono, ananitazama kama mtu anayemtazama mbuzi akijaribu kufungua mlango. Mwishowe akasema neno moja tu: "Vuta."

Nikavuta. Komeo likaja lote kwangu, moja kwa moja, laini kama droo iliyopakwa nta. Nikalirudisha, nikalivuta tena. Nadhani aliniajiri kwa sababu ya hiyo mara ya pili, maana haikuwa ya lazima.

Bunduki za Waswisi ndivyo zilivyo tangu ile ya mwaka 1889: hazizungushwi, zinavutwa. Nimewaeleza wateja jambo hili mara nyingi kuliko nilivyowaambia wanangu wapige mswaki. Bado kila msimu wa vuli anakuja mtu mmoja mwenye uso mwekundu na bunduki ya babu yake, na komeo limepinda kwa sababu alilipiga nyundo. Kumbe pete ya usalama, ile inayokaa nyuma kama pete ya ufunguo, ilikuwa imefungwa. Ukiivuta kidogo na kuizungusha, kila kitu kinafunguka. Hapo ndipo pa kuzungusha, na hapo hakuna anayejaribu.

Kwa majuma ya mwanzo Mzee Ruedi hakuniruhusu kugusa bunduki. Alinipa bisibisi na tupa. Kila skrubu ya bunduki hizo ina mfereji wake, na bisibisi ya dukani inaukwangua. Kwa hiyo ilinibidi ninoe bisibisi moja kwa kila skrubu, mpaka ikae ndani bila kucheza. Alikuwa akija, anaijaribu, anaitupa kwenye ndoo, anaondoka. Nilimchukia. Siku moja hakuitupa. Aliiweka mfukoni mwake akaenda kunywa kahawa. Bisibisi zile ndizo mnazozitumia mpaka leo, na nimeambiwa kuna mtu ametumia moja kufungulia kopo la rangi. Sitaki kumjua.

Alinifundisha historia kwa kunilazimisha, akianzia nyuma kabisa kila mara hata kama nilikuwa nimeuliza habari ya skrubu moja. Kwanza zile za mwaka 1869, zenye bomba la risasi chini ya mtutu, wakati majeshi mengi ya Ulaya bado yanaingiza risasi moja moja. Kisha ya 1889, ndefu kama mti wa bendera. Kisha ya 1911, iliyoimarishwa ili ibebe risasi mpya yenye nguvu zaidi. Kisha K31, fupi, nzuri, ile niliyokuja kuipenda kuliko zote. Kisha ile ya mwaka 1957, inayofyatua mfululizo, nzito kiasi kwamba Mzee Ruedi alisema waliitengeneza makusudi ili vijana wasikimbie. Katikati alichomeka bastola, maana Uswisi ndiyo iliyotangulia kulipatia jeshi lake ile Parabellum ambayo dunia nzima inadhani ni ya Wajerumani. Jambo hilo lilimuudhi kila siku ya maisha yake. Sasa linaniudhi mimi, na sijui nililipataje, kama mafua.

Mwanzoni, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa bunduki na si cherehani, nilitaka kuacha. Nilimwambia hivyo. Aliniuliza kama nimewahi kusikia vita vya Uswisi. Nikafikiri, nikasema hapana. Akasema basi, hizi ni bunduki za watu waliokaa nyumbani. Kila mwanamume alipewa yake, akaiweka kabatini kando ya koti la baridi, akaipaka mafuta, akasubiri adui ambaye hakuja. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilijiambia: Nafula, unatengeneza bunduki ambazo hazijaua mtu. Nikawaambia na watu kanisani hivyo hivyo, kwa kujivuna.

Mzee Ruedi hakuniacha na raha hiyo. Baada ya miaka kadhaa alinisikia nikimwambia mteja, akaniita pembeni. Alisema wakati wa vita kuu ya pili walikuwepo askari wa Uswisi waliowauzia Wajerumani siri, na wakahukumiwa, na waliowapiga risasi walikuwa wenzao wa kikosi kilekile, kwa bunduki hizi hizi. Akasema pia kwamba kabla ya hapo, mjini Geneva, jeshi liliwahi kufyatulia wananchi waliokuwa wakiandamana, na watu wakafa barabarani. "Usiseme hazijaua," aliniambia. "Sema zimeua kidogo." Nilikasirika naye juma zima. Kwa nini hakuniambia siku ya kwanza? Alisema siku ya kwanza alikuwa anatafuta mtu wa kukereza.

Basi nikaendelea, na wateja wakaendelea kunimaliza. Kuna yule bwana aliyeleta bunduki ya 1889 nzuri mno, akitaka tu niisafishe, kwa sababu Jumamosi anakwenda uwanja wa shabaha. Nikamuuliza atatumia risasi gani. Akatoa zile za bunduki ya 1911 na K31. Nikamwambia hapana, ile ya zamani haikujengewa nguvu hizo, komeo lake limeshikwa nyuma sana, litamrudia usoni. Akasema: lakini zinaingia vizuri. Msumari pia unaingia vizuri kwenye tundu la umeme. Tulibishana mpaka Mzee Ruedi akatoka nyuma, akachukua bunduki, akachomoa komeo, akalifungia kabatini, akamwambia arudi akishapata akili. Alirudi baada ya majira mawili ya baridi. Nilimpa komeo lake. Sikuuliza kama amepata.

Na wapo wenye msasa. Achieng, wewe mwenyewe ulitaka kupiga msasa kitako cha K31 ulipoanza kazi, nikapiga kelele mpaka ukaangusha chai. Vile vitako vimeliwa chini, ndiyo. Vimeliwa na theluji na matope na buti za mtu aliyesimama mlimani anasubiri kuambiwa arudi nyumbani. Yale ni maisha ya mtu. Usiyasawazishe.

Lakini neno lililonichosha kuliko yote ni hili: "Ni ya zamani tu." Wanalisema wajane, wanalisema watoto wa marehemu, wanalisema wanaume wazima wenye digrii na wasio nazo. Ni ya zamani tu, haifanyi kazi, ni pambo. Ikishikwa vizuri, K31 inapiga leo kama siku ilipotoka kiwandani Bern. Chuma hakizeeki kwa sababu wewe umekisahau. Nililisema hilo mpaka likawa wimbo, na bado halikuniandaa kwa yaliyotokea mwaka wangu wa mwisho kazini, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Wakati huo Mzee Ruedi alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimehamia Weston, karibu na mto Humber, na nikisali kwenye ukumbi ambao sisi Wakenya tunauchangia na ndugu zetu kutoka Kongo. Hapo alikuwepo mama mmoja wa Uvira, Mama Furaha. Mumewe aliuawa barabarani na watu wenye bunduki, naye akatembea na Furaha mgongoni mpaka Burundi, kisha kambi, kisha miaka, kisha Toronto. Hapa alifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Mtu mpole kwa kila mtu isipokuwa mimi. Tulipokula pamoja baada ya ibada, hakupokea sahani kutoka mkononi mwangu. Alisema mikono yangu inanuka mafuta ya bunduki. Nilikuwa nimeinawa kwa sabuni na limau, na nilikuwa nimepika hizo sambusa mwenyewe. Nilimweleza habari za Waswisi waliokaa nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchukua sahani kwa mtu mwingine. Tuliishi hivyo, tukisalimiana kwa shingo.

Ndiyo maana nilishangaa alipopiga simu karakana asubuhi moja, theluji ikiyeyuka. Alizungumza kwa sauti ya chini sana.

"Mama Wekesa, kuya mbio. Mzee wangu iko na bunduki."

Mzee aliyekuwa akimtunza alikuwa Armin, Mswisi aliyekuwa seremala hapa mjini, aliyefiwa na mkewe, anayekaa ghorofani si mbali na karakana. Kanisani nilikuwa nimesikia tu kwamba akili yake ilikuwa imeanza kumtoka, na kwamba Kiingereza kilimtoka kwanza. Nilimwambia Mama Furaha atoke nyumba ile upesi awaite polisi.

"Siwezi kumuacha," alisema. "Polisi wakiingia na bunduki zao, yeye ataona ni adui. Watamuua, na hajui hata leo ni siku gani."

Nilimuuliza bunduki yenyewe ikoje. Akasema yeye angejuaje, ni bunduki. Nikamuuliza kama nyuma ina pete, kama ya ufunguo. Nadhani alichungulia, kisha akasema iko na pete. Nikajua ni ya Waswisi, bila shaka K31. Nikajua pia kwamba mzee huyo, kama ni wa umri ninaoudhania, alipewa bunduki hiyo akiwa kijana wa jeshi na mkono wake bado unaikumbuka kuliko unavyokumbuka kijiko. Nilitoka na aproni yangu bila koti. Wengine wenu mlidhani nimekwenda kununua kahawa.

Najua nilichopaswa kufanya, Achieng. Usiniandikie. Nilipofika mlangoni kwake bado nilikuwa nakijua.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mzee Armin alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya korido, ameuelekea mlango, amevaa koti zito na buti, bunduki magotini. Mama Furaha alikuwa amesimama ukutani nyuma yake, ameshika bakuli la uji. Alikuwa amekataa kuondoka na alikuwa amekataa kukaa karibu, kwa hiyo alisimama pale pale, katikati ya woga wake.

Mzee aliuliza kwa lugha yake ni nani anayekuja, na mdomo wa bunduki ukainuka kidogo kutoka magotini. Kijerumani changu chote nilikipata kwa Mzee Ruedi, kwa hiyo ni cha kugombeza na cha kuamrisha. Sikuwa na neno hata moja la kubembeleza. Lakini kabla ya kuhamia Kanada Mzee Ruedi alikuwa fundi wa jeshi katika ukaguzi wa bunduki, maana Mswisi aliyewekewa bunduki nyumbani ilimbidi kila mara aipeleke mbele ya fundi ichunguzwe mtutu na komeo. Aliyakumbuka mambo hayo kwa hasira, wakulima wanaoleta bunduki zenye makombo ya mkate ndani. Nilikuwa nimevaa aproni yenye mafuta. Nikasema neno moja: "Inspektion."

Alinitazama. Mwanamke mweusi, mnene, kitambaa kichwani, viatu vya raba. Nilidhani atacheka au atafyatua. Akaitazama aproni. Kisha akasimama, polepole, akinyoosha mgongo kipande kwa kipande, akaunganisha visigino.

Nikamwamuru atoe risasi. "Entladen," nikasema, kwa sauti ile ile ya Mzee Ruedi, sauti ambayo miaka yote niliapa sitaitumia kwa mtu yeyote. Mkono wake ukaenda kwenye komeo bila yeye kuutazama. Akavuta. Risasi ikaruka ikaanguka kwenye zulia. Akasukuma, akavuta, ikaanguka nyingine. Kila moja ilipoanguka Mama Furaha aliruka kidogo. Zilipokwisha akanyoosha bunduki kwangu kwa mikono miwili, komeo wazi, sawasawa kabisa.

Nikabonyeza kile kidude cha pembeni nikachomoa komeo lote, nikalitia mfuko wa aproni. Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini yeye alibaki amesimama, anasubiri, na nikaelewa kwamba ukaguzi haujaisha kwake. Basi nikaukamilisha. Nikauelekeza mtutu dirishani, nikatazama ndani. Ulikuwa unang'aa kama ndani ya kikombe kipya. Mtu huyu siku zingine hakujua jina la binti yake, na alikuwa ameusafisha mtutu huo. Nikamwambia ni safi.

Akasema kitu kirefu. Nilielewa neno moja tu: nyumbani.

"Anasema nini?" Mama Furaha aliuliza.

"Anauliza kama sasa anaweza kurudi nyumbani."

Mama Furaha aliweka bakuli chini kwenye zulia, katikati ya risasi. Akapita pembeni yangu na pembeni ya bunduki, akamshika mzee mkono. "Ndiyo, Papa," akamwambia. "Twende nyumbani." Akamwongoza mpaka jikoni, akamvua buti, akaanza kupasha uji mwingine. Mimi nilikaa kwenye kile kiti. Kisha nikapiga simu polisi, nikawaambia kila kitu kwa utaratibu, kwamba bunduki haina risasi, haina komeo, na mzee anakula. Wakaja wawili, vijana wenye adabu. Mmoja alishika bunduki akatafuta pa kuzungusha. Nilimwacha atafute. Nilikuwa nimechoka mno.

Mngefikiri hasira zangu ziliishia hapo. Ndipo zilipoanza. Kampuni iliyomwajiri Mama Furaha ilimsimamisha kazi, kwa kuwa sheria yao inasema mfanyakazi akiona silaha atoke na apige simu. Sheria nzuri. Sijui aliyeiandika alimwacha nani ndani. Mama Furaha alikaa nyumbani bila kazi, na Jumapili kanisani hakulalamika, jambo lililonikera zaidi. Mtu akionewa na asilalamike, inabidi wengine tulalamike mara mbili.

Kisha akaja Claudia, binti wa Mzee Armin, mwalimu, akaingia karakana amevimba kwa hasira. Aliniuliza ni nani aliyeniruhusu kuingia nyumbani kwa baba yake na kumwamrisha kama askari. Nikamuuliza kama alijua kuna bunduki kabatini. Akasema ndiyo, alijua tangu utotoni. Halafu akasema lile neno. "Ni ya zamani tu. Tulidhani haifanyi kazi."

Nilipasuka. Mliokuwepo mnajua. Nilimwambia bunduki hiyo ingempiga mtu upande wa pili wa barabara kuu na bado isione haya. Nilimwambia Mama Furaha alisimama nyuma ya kiti hicho na uji, yeye ambaye mumewe aliuawa kwa bunduki, akakataa kumwacha baba wa mtu mwingine, na sasa hana kazi. Nilisema mengi, na sauti yangu ilifika mpaka kwa wauza matairi wa jirani. Claudia alinisikiliza amesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa muda mrefu hajapata usingizi. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: baba yake alikuwaje wakati ule, aliogopa? Nikamwambia hapana. Alisimama wima, na mtutu wake ulikuwa safi. Akakaa kwenye kigoda chako, Achieng, akalia kimya kimya, nami nikaenda kumletea chai kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Alikwenda mwenyewe kwenye kampuni ile. Sijui aliwaambia nini, lakini Mama Furaha alirudishwa kazini, na kwa Mzee Armin huyo huyo, mpaka mzee alipohamishiwa kwenye makao ya wazee. Huko nako Mama Furaha alikwenda kumwona siku zake za mapumziko.

Ikabaki bunduki. Mzee hakuwa tena na leseni, na baada ya simu nyingi na foleni nyingi ilikubaliwa ikae karakana kwetu, yenye leseni, mpaka familia iamue. Claudia alitaka kusikia maoni yetu sote wawili, mimi na Mama Furaha. Nilimwambia asiiharibu. Namba za komeo, mtutu na kasha linalovibeba zote zinafanana, hakuna kilichobadilishwa, kitako kimeliwa na theluji ya kweli, mtutu kama kioo. Yupo mtu atakayeitunza. Na kwa kuwa nilikuwa nimekosa lingine la kusema nikarudia lile la zamani: bunduki hii haijaua mtu.

Mama Furaha alikuwa amekaa na mkoba wake magotini. Hakuinua sauti.

"Mama Wekesa," alisema, "na ile yenye iliua baba ya Furaha, mbele ya siku ile ilikuwa haijaua mtu."

Achieng, nimekuwa na jibu kwa kila mteja aliyepita mlango ule. Kwa wenye nyundo, wenye msasa, wenye msumari kwenye tundu la umeme. Mzee Ruedi angekuwepo ningemuuliza, na angeanzia mwaka 1869.

Claudia alisema ikatwe.

Nilikataa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kama inakatwa, itakatwa na mtu anayejua anachokata. Niliifungua kipande kwa kipande kwa bisibisi zangu, kila skrubu kwenye kikombe chake, kana kwamba naiandaa kwa ukaguzi. Nilifuta mafuta. Nilibana mtutu kwenye jiriwa nikawasha msumeno, na chuma cha Bern kikanivunjia meno ya msumeno. Nikaweka mwingine. Ukakwama. Nikamtukana Mzee Ruedi na taifa lake zima, watu wasioweza kutengeneza kitu kibovu hata mara moja kwa ajili ya mwenzao. Ule upande mrefu wa mtutu ulikuwa unatikisika kila msumeno unapouma, kwa sababu jiriwa limechoka, na nimekuwa nikiomba linunuliwe jipya tangu enzi za marehemu.

Mama Furaha alikuwa amekuja kushuhudia. Alisimama mlangoni na koti lake, mbali, mkoba kifuani. Aliniona nikihangaika. Alitazama muda, kisha akaweka mkoba juu ya kigoda, akavua glavu, akaja akasimama upande wa pili wa meza.

"Nishike wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. "Hapo. Shika sana, isitikisike."

Akaushika mtutu kwa mikono miwili mitupu, akakaza, na mimi nikawasha msumeno tena.